Kuvunjika kwa Koleo

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Methali hii umeisikia mara nyingi, msomaji, na labda umeitumia katika insha zako ulipotaka kuwahimiza watu wasikate tamaa. Nami naipenda, walakini naona kwamba yasema nusu ya jambo. Koleo likivunjika, mhunzi aweza kufua jingine. Lakini atalifulia wapi, ikiwa wenzake wamekwisha kuufunga mlango wa kiwanda na kumweka mtu mwingine penye mivukuto? Nusu hiyo ya pili haimo katika methali. Nataka kukuonyesha kwa mfano wa watu ambao pengine hukutazamia kukutana nao katika kitabu cha insha: wapigaji wa muziki wa roki wa Uingereza.

Muziki ninaousema ni wa namna moja hasa. Una magitaa ya umeme yangurumayo na ngoma zigongazo kifua, na kwa sababu hiyo wazee wengi huuita kelele. Lakini ndani ya ngurumo hiyo mna lahani iliyo wazi, ambayo msikilizaji huondoka nayo mdomoni, na mna viitikio vya sauti nyingi vinavyokaribia vile vya kwaya. Hiyo ndiyo roki nzito yenye lahani. Uzuri wake ni kuunganisha nguvu na utamu. Kosa lake la kawaida ni kuuzidisha utamu, hata nguvu ikawa pambo tu. Bendi mbili za Uingereza, Def Leppard na Whitesnake, kila moja ilitoa katika mwaka 1987 santuri iliyonunuliwa na mamilioni ya watu. Mafanikio yao yalifanana. Namna walivyotendeana watu waliozitengeneza santuri hizo haikufanana, na katika tofauti hiyo mna somo kwa yeyote anayetaka kujifunza uhakiki.

Tuanze na Def Leppard. Mji wa Sheffield, kaskazini mwa Uingereza, ni mji wa wahunzi. Kwa karne nyingi jina lake limepigwa chapa juu ya visu, mikasi na vijiko vilivyosafirishwa duniani kote. Katika mji huo, mwaka 1977, vijana wachache walianzisha bendi yao, wakawa wakifanya mazoezi katika chumba cha kiwanda cha vijiko. Joe Elliott aliimba; Rick Savage alipiga gitaa la besi; Pete Willis alipiga gitaa, na baadaye akaongezeka Steve Clark. Mwishoni mwa mwaka 1978 walimpata mpiga ngoma, Rick Allen, mvulana wa miaka 15, yaani mwenye umri wako au wa mdogo wako. Santuri yao kubwa ya kwanza ilitoka mwaka 1980. Ilikuwa na ari nyingi na ufundi wa kadiri.

Aliyeukuza ufundi huo alikuwa mzaliwa wa Afrika. Robert John Lange, ajulikanaye zaidi kwa jina la Mutt, alizaliwa Mufulira, mji wa migodi ya shaba katika nchi ambayo leo ni Zambia, akakulia Afrika Kusini kabla ya kwenda Uingereza. Yeye hakupanda jukwaani pamoja na bendi. Kazi yake ilikuwa kusimamia unasaji wa nyimbo, na katika kazi hiyo alikuwa na subira ya sonara. Kiitikio kiliimbwa tena na tena, sauti zikapangwa tabaka juu ya tabaka, mpaka watu wachache wakasikika kama umati. Chini ya mkono wake bendi ilitoa Pyromania katika Januari 1983. Nchini Marekani pekee santuri hiyo imetambuliwa kwa kuuza nakala milioni 10, na ilipanda mpaka nafasi ya pili, ikizuiliwa juu yake na Thriller ya Michael Jackson.

Usidhani, hata hivyo, kwamba nakusimulia habari za malaika. Mwaka 1982, unasaji wa Pyromania ukiwa unaendelea, bendi ilimwondoa Pete Willis kwa sababu ya ulevi, na mahali pake wakamweka Phil Collen wa London. Kuufunga mlango, basi, walikujua. Lakini angalia jambo moja: sehemu ambazo Willis alikuwa amekwisha kuzipiga hazikufutwa, na jina lake likaandikwa kati ya watungaji wa nyimbo alizoshiriki. Mtu aliondoka, kazi yake haikuibwa. Jambo hili dogo tutalirudia.

Tarehe 31 Desemba 1984 Rick Allen alikuwa akiendesha gari nje ya mji wa Sheffield. Gari liliacha njia na kupinduka, na mkono wake wa kushoto ukakatika. Madaktari waliuunga, lakini ulipata uambukizo ikawa hapana budi kuuondoa. Alikuwa na miaka 21. Mwimbaji aliyevunjika mguu huweza kuimba ameketi. Mpiga ngoma hana kazi nyingine ila ya mikono na miguu. Akipoteza mkono, kwa hesabu ya kawaida, amepoteza nusu ya riziki yake na zaidi ya nusu ya jina lake.

Angali hospitalini, Allen aligundua kwamba miguu yake ilikuwa bado ikijua kazi. Aliwekewa kipande cha sifongo mwishoni mwa kitanda, akawa akikipiga kwa miguu na kufuata mapigo ya nyimbo alizozijua. Kisha mafundi wakamtengenezea ngoma za umeme zenye vikanyagio kadhaa, hata mguu wa kushoto ukaweza kutoa milio ambayo zamani ilitolewa na mkono wa kushoto. Alilazimika kujifunza upya kila wimbo, maana mguu hauna wepesi wa kiganja. Wenzake hawakumtafuta mtu wa kushika mahali pake. Katika Agosti 1986 walifanya maonyesho machache huko Ireland, na Jeff Rich, mpiga ngoma wa bendi ya Status Quo, akawekwa kando yake kumsaidia. Siku moja Rich alichelewa kufika, Allen akapiga peke yake, ikaonekana kwamba msaada hauhitajiki tena. Tarehe 16 mwezi huo huo alipiga ngoma mbele ya umati mkubwa uwanjani Donington, na Elliott alipomtaja kwa jina umati ulimpokea kwa shangwe kubwa.

Hapa ndipo msimuliaji hodari angekoma na kufuta machozi. Lakini mhakiki hana ruhusa ya kukoma hapa. Yampasa kuuliza maswali matatu yasiyopendeza.

La kwanza: je, bendi ilimngoja Allen kwa upendo tu? Sivyo kabisa. Santuri yao mpya ilikuwa imekwama hata kabla ya ajali. Lange alikuwa amechoka asiweze kuanza kazi pamoja nao. Mtu mwingine aliyejaribiwa hakufaa. Baadaye Elliott aliugua machubwichubwi. Hata mpiga ngoma angekuwa na mikono minne, santuri ile isingetoka upesi.

La pili: je, kila bendi ingeweza kungoja hivyo? Nalo jibu lake ni hapana. Watu waliokwisha kuuza mamilioni ya santuri huaminiwa na wenye fedha. Wapigaji maskini, wanaokula leo walichopata jana usiku, labda wangemlilia mwenzao kwa dhati kisha wakamtafuta mwingine kesho yake. Subira ni wema, msomaji, lakini ni wema wenye gharama, na si haki kumlaumu asiye na kitu kwa kukosa kuinunua.

La tatu ndilo gumu: je, ngoma zisikikazo katika santuri hiyo, iliyoitwa Hysteria na kutoka katika Agosti 1987, ni za mkono mmoja wa shujaa? Wengi husema hivyo, nao hukosea. Tangu Pyromania, kabla ya ajali, Lange alikuwa ameanza kuzijenga ngoma kwa mashine: mlio mmoja mmoja ulinaswa, ukahifadhiwa, kisha ukapangwa mahali pake kama matofali. Ngoma za Hysteria zilijengwa kwa njia hiyo hiyo. Basi wimbo wa santuri si ushahidi wa ushujaa wa Allen. Ushahidi wake u jukwaani, usiku baada ya usiku, mahali ambapo mashine yaweza kutoa mlio lakini haiwezi kujua wakati wa kuutoa. Twaona hapa jambo la ajabu: mashine zile ambazo wapenda muziki wa zamani walizilaumu kwa kuua uhai wa ngoma ndizo zilizomfungulia mlango mtu aliyepoteza mkono. Chombo si kiovu wala si chema. Ni vile kitumiwavyo na vile wenzako wakupavyo nafasi ya kukizoea.

Tukiipima Hysteria yenyewe, twaona uzuri na kasoro. Uzuri wake ni mpango. Kila mlio una nafasi yake. Magitaa hayagombani, bali husaidiana kama mafundi wawili wanaopokezana nyundo. Yapo mahali ambapo nyuzi za gitaa zilinaswa mmoja mmoja, ili ziwe safi kabisa zinapounganishwa. Mapigo ya ngoma ni machache na mapana, na upana huo huiachia lahani nafasi ya kupumua. Kasoro yake hutoka katika uzuri huo huo. Kitu kilichosuguliwa mno hupoteza alama za mkono uliokitengeneza. Maneno ya nyimbo nyingi ni mepesi, yamechaguliwa kwa mlio wake kuliko kwa maana, na ukitafuta ndani yake maumivu ya watu waliopitia miaka ile mitatu hutayapata. Santuri ilikaa sokoni karibu mwaka mzima kabla ya kufika nafasi ya kwanza nchini Marekani, katika Julai 1988, na hesabu ya nakala zake duniani hutajwa kuwa zaidi ya milioni 20. Wingi wa wanunuzi, hata hivyo, haubadili hukumu hii: ni kazi ya ufundi mkubwa na moyo uliofichwa.

Sasa tuwatazame wale wengine. David Coverdale alizaliwa mwaka 1951 huko Saltburn, mji mdogo wa pwani ya kaskazini mashariki ya Uingereza. Alikuwa muuza nguo dukani alipochaguliwa, mwaka 1973, kuwa mwimbaji wa Deep Purple, bendi iliyokuwa na sifa duniani. Bendi hiyo ilipovunjika mwaka 1976 alishika njia yake, na mwaka 1978 akaianzisha Whitesnake. Jina lilikuwa lake, na wapigaji walikuja na kuondoka. Mmoja wao, Bernie Marsden, alitunga pamoja naye wimbo Here I Go Again. Wimbo huo ulipotoka katika santuri ya mwaka 1982 Marsden alikuwa amekwisha kutoka katika bendi.

Baadaye alikuja John Sykes, mpiga gitaa kijana aliyepitia Tygers of Pan Tang na Thin Lizzy. Yeye na Coverdale walitunga sehemu kubwa ya nyimbo mpya za santuri ya mwaka 1987. Gitaa lake ndilo uti wa mgongo wa kazi ile: zito, lenye makali, lakini halipotezi lahani hata mahali pa kasi. Coverdale aliugua sana puani na kooni, kazi ikasimama, na wawili hao wakakosana. Kila upande ulisimulia ugomvi kwa namna yake, wala si kazi ya mhakiki kuukata. Lililo wazi ni hili: santuri ilipotoka, Sykes alikuwa amekwisha kuondolewa, na wapigaji wa besi na ngoma walioinasa pamoja naye hawakuwamo tena. Wimbo wa Here I Go Again, ulionaswa upya, ulishika nafasi ya kwanza Marekani katika Oktoba 1987. Katika filamu fupi zilizoonyeshwa televisheni, watazamaji waliwaona wanaume wenye nywele ndefu wakizipiga nyimbo za santuri hiyo kwa madaha. Lakini karibu zote walizozionyesha zilikuwa zimepigwa na watu wengine. Macho yaliambiwa hili na masikio yaliambiwa lile.

Je, santuri hiyo ni mbaya kwa sababu hiyo? Hasha. Ni nzuri, na kwa nguvu ya magitaa naiona bora kuliko Hysteria. Hapa ndipo mwanafunzi wa uhakiki huponzwa na wema wake mwenyewe: akipenda tabia ya msanii huisifu kazi yake kupita kiasi, akiichukia tabia huikana kazi. Usifanye hivyo. Kazi moja njema yaweza kutoka katika nyumba yenye ugomvi, kama ugali mzuri uwezavyo kupikwa na mpishi mwenye hasira.

Lakini maisha ya kazi si kazi moja. Ndipo tofauti inapojitokeza. Mwaka 1989 Whitesnake ilitaka kuifuatilia santuri ile. Safari hii Coverdale alitunga nyimbo pamoja na Mholanzi Adrian Vandenberg. Kabla ya kuzinasa, Vandenberg aliumia mkono asiweze kupiga. Koleo jingine limevunjika! Hakufukuzwa, na hilo lisemwe kwa haki, lakini hakungojwa. Aliitwa Steve Vai wa Marekani, mpigaji mwenye vidole vya ajabu, akazipiga nyimbo ambazo mwingine alizifikiri. Isikilize santuri hiyo, Slip of the Tongue, nawe utasikia mawazo ya mtu mmoja katika vidole vya mwingine. Kila mlio ni hodari, na mara nyingi hodari kuliko unavyohitajiwa na wimbo. Mwaka uliofuata Coverdale aliivunja bendi kwa muda. Aliyezoea kubadili watu kila chombo kinapovunjika hupata watu wengi, lakini ni vigumu kupata sauti iliyo yake daima.

Kati ya bendi hizi mbili yuko mtu mmoja aliyepita katika milango yote miwili. Vivian Campbell wa Belfast alikuwa mmoja wa wale walioonekana katika filamu za Whitesnake za mwaka 1987. Mwaka uliofuata aliondoka. Mwaka 1992 aliingia Def Leppard, na namna alivyoingia ni ya huzuni. Steve Clark, mpiga gitaa aliyetunga lahani nyingi za bendi hiyo, alikuwa amezama katika ulevi. Mwaka 1990 wenzake walimpa likizo ili apate nafuu, wasimwondoe kama walivyomwondoa Willis. Tarehe 8 Januari 1991 alikutwa amekufa nyumbani kwake London, mwenye miaka 30, mwilini mwake mkiwa na pombe na dawa. Mlango uliachwa wazi, lakini hakurudi. Yaonyesha kwamba wema wa wenzako hauwezi kila kitu: waweza kukulindia kiti, hauwezi kukuinua ukae. Allen alipewa nafasi naye akaishika. Clark alipewa nafasi na ugonjwa ukamshinda. Tusimtumie wa kwanza kuwa fimbo ya kumpigia wa pili.

Wenzake Clark walizitoa nyimbo alizozianza zikiwa na jina lake, katika santuri ya mwaka 1992. Naye Campbell, alipotangaza mwaka 2013 kwamba ana saratani, mtu mwingine alimshikia gitaa katika baadhi ya maonyesho wakati wa matibabu, kisha akarudi mahali pake. Mwaka 2019, bendi ilipoingizwa katika Jumba la Heshima la Rock and Roll huko Marekani, aliyeketi nyuma ya ngoma alikuwa Rick Allen, zaidi ya miaka 40 tangu alipoingia akiwa mvulana. Marsden alifariki mwaka 2023, na Sykes mwishoni mwa mwaka 2024. Wapenzi wa muziki waliwalilia wote wawili, na wengi wa waliowalilia walikuwa wamewajua kwa kusoma herufi ndogo nyuma ya santuri.

Herufi hizo ndogo ndizo nipendazo kukuachia, msomaji. Siku hizi nyimbo husikilizwa kwa simu, na jina la bendi huonekana kubwa juu ya picha, lakini majina ya watungaji na wapigaji hayaonekani mpaka yatafutwe. Yatafute. Ukiusikia wimbo ukupendezao, uwe wa Sheffield au wa Nairobi, uliza ni nani aliyeutunga, ni nani aliyepiga gitaa lile, na baadaye alifikwa na nini. Ukifanya hivyo utagundua kwamba jina la bendi ni kama paa la kiwanda: laonekana kutoka mbali, lakini halifui kitu. Wafuao wako chini yake.

Na siku utakapokuwa na kiwanda chako, kiwe ofisi, shule, shamba au bendi, mmoja wa wenzako atavunjikiwa na koleo. Hapo utaisoma methali kwake, kwa kuwa ni methali njema. Lakini kabla hujaisoma, tazama kwanza kama mlango u wazi.